Tuta Lililoshindiliwa kwa Ngoma

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mama watoto asinisikie, ni ile niliyosimama juu ya tuta la udongo mbichi, mbele kidogo ya Sikonge, nimevaa suruali ya bugaluu iliyopanuka chini na viatu vya raizoni vya soli ndefu, nikiwaamuru watu wazima wacheze ngoma. Usicheke kwanza, mwanangu. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, kisha utacheka vizuri.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Ipuli, mtaa wa Tabora. Nilikuwa nimerudi na shahada yangu ya uhandisi, nikapangiwa kazi ofisi ya maji pale Tabora mjini. Nchi ilikuwa changa kama sisi wenyewe. Vijiji vya ujamaa vilikuwa vikianzishwa kila upande, na kila kijiji kilidai maji. Watu wakikuona umeshika mchoro tu, wanakuita injinia. Mama yangu ndiye aliyezidi. Ipuli nzima ilijua kuwa mwanawe ni injinia, waliouliza na wasiouliza.

Lakini mimi nilijua kwamba bado. Shahada, mwanangu, ni ruhusa ya kuanza kujifunza. Ili uwe mhandisi kweli, jina lako liingie kwenye rejesta ya Bodi ya wahandisi na upewe muhuri wako, ilikupasa kwanza ufanye kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyekwisha kusajiliwa. Kila kazi unaiandika kwenye daftari, naye anatia sahihi. Mwisho unaandika ripoti ya kazi moja uliyoisimamia mwenyewe, kisha unakwenda Dar es Salaam kuhojiwa na wazee watatu. Bila sahihi ya msimamizi wako, hata mlangoni kwao hufiki. Nami muhuri ule niliutaka mpaka nikawa nauota.

Msimamizi wangu alikuwa Mhandisi Hasanali, Mhindi wa pale pale Tabora. Baba yake aliuza kanga na majembe karibu na soko, na Kinyamwezi cha mzee huyu kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekulia mjini. Alikuwa mfupi, mtu wa kaptula ya kaki na soksi zilizovutwa mpaka magotini, na mfukoni hakukosa karanga za kukaanga. Ukimpelekea kazi yako aliitazama, akatafuna karanga tatu, akauliza swali moja. Na swali lenyewe ndilo hasa ulilokuwa ukiomba Mungu asiulize.

Mwaka wangu wa tatu akanipa lambo la kujenga, bwawa la kukinga maji ya mvua. "Hili ni lako," akasema. "Ukinihitaji, niite." Kwa kiburi changu sikumwita.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, kimekaa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Ujiji. Ukilima pale bado ulikuwa unaokota shanga. Watu walikuwa wakulima wa tumbaku na warina asali, waliohamia kutoka huku na huko, na kiangazi wanawake walitembea asubuhi nzima kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mbuga, lile bonde linalojaa maji masika tu. Mimi nikachora tuta la kuziba mkono wa ile mbuga, maji ya masika yakae. Mchoro ulikuwa mzuri, nasema bila haya. Kilichokosekana ni mashine ya kushindilia. Ilikuwa imekufa Tabora, na kipuri chake kilisubiriwa kutoka ng'ambo. Udongo usiposhindiliwa tabaka kwa tabaka si tuta, ni rundo tu. Ikabidi niwaambie wanakijiji mkutanoni kwamba tusubiri mwaka mwingine.

Akasimama Mama Nyamizi. Huyu alikuwa mjane wa makamo, mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi, na ndiye aliyeongoza ngoma za kijiji.

"Ndugu Injinia," akasema, "hebu tueleze. Hiyo mashine inafanya nini hasa?"

"Inakanyaga udongo, mama, mpaka ushikane."

"Inakanyaga tu?"

"Inakanyaga tu."

Akawageukia wenzake. "Jamani, sisi tunakanyaga ardhi tangu tuzaliwe, na hakuna siku tumeletewa kipuri!"

Mkutano ulivunjika kwa kicheko. Mimi nikarudi kwenye hema langu na kalamu, nikapiga hesabu. Udongo uwe na unyevu wa kutosha, tabaka lisizidi upana wa kiganja, miguu iwe mingi na isichoke. Nikapiga tena. Ilikuwa inawezekana. Akili ni nywele, mwanangu, kila mtu ana zake, na za Mama Nyamizi zilikuwa nyingi kuliko zangu za chuoni.

Basi tukaanza. Asubuhi wanaume wanachimba, wanawake wanabeba kwa karai na kwa vikapu, udongo unatandazwa na kunyunyiziwa maji. Kisha ngoma zinaingia. Zilikuwa tatu, na kubwa kuliko zote akiipiga Mama Nyamizi mwenyewe. Walicheza ngoma ya manyanga, walicheza ile ya hiari ya moyo, walicheza na nyingine ambazo nadhani walizitunga pale pale kunisema mimi na viatu vyangu. Tukichoka tunakula michembe ya viazi na karanga, tunalamba asali, tunaanza tabaka jingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na pale vidole vilikuwa mamia. Sijapata kuona kazi nzito ikifanywa kwa furaha namna ile. Siku ya nne nilivua raizoni zangu nikaingia na mimi, mama mmoja akanifunga kanga kiunoni, vigelegele vikapasua msitu. Mcheza kwao hutunzwa.

Sasa sikiliza nilipokosea.

Ngoma zilikuwa zimewekwa katikati ya tuta, kwenye jukwaa la magogo. Mimi ndiye niliyeonyesha mahali. Na mchezaji, mwanangu, hafuati mhandisi, anafuata ngoma. Watu walijaa katikati, wakapungua kuelekea kwenye ncha, na kule bega la kaskazini, tuta linapokutana na kilima, walifika wawili watatu tu wenye aibu. Mama Nyamizi aliliona hilo kabla yangu. Asubuhi moja alinijia, ngoma yake ikiwa kichwani tayari.

"Mwanangu, watu hawafiki kule mwisho. Niihamishe hii?"

Nilitazama jukwaa. Kulivunja na kulijenga upya kungekula nusu siku, na Jumamosi ile alikuwa anakuja mgeni rasmi kutoka mkoani kuzindua lambo. Nilikuwa nimekwisha kumwandikia kwamba litakuwa tayari.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Acha hapo hapo. Panatosha."

Jioni nikachukua nondo, nikapita juu ya tuta nikichoma udongo, kama nilivyofundishwa. Katikati nondo iligonga ikagoma. Bega la kaskazini ilizama kama kijiti kwenye ugali wa moto. Niliichomoa, nikaifuta kwa kiganja, nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeniona. Nikafungua daftari langu nikaandika neno moja: Sawa.

Haraka haraka haina baraka, nililisikia hilo tangu utotoni, na siku ile nilijifanya sijalisikia. Jumamosi mgeni akaja, utepe ukakatwa, ng'ombe wawili wakaliwa. Picha ipo mpaka leo, nimesimama kifua mbele. Siipendi sana.

Masika yakaingia vizuri. Lambo likajaa mpaka nusu, na watu walikuwa wakija kuyatazama maji tu, wanakaa wanayatazama, basi. Wiki ya tatu akafika mtu ofisini Tabora kwa baiskeli, matope mpaka masikioni. "Bwana Maji," akaniambia, "lile lambo linatoka jasho." Sikuuliza wapi. Nilikuwa nimekwisha kujua.

Nilipofika nilikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanatoka chini ya bega la kaskazini, mkondo wa unene wa mkono. Yangekuwa meupe ningepata ahueni, lakini rangi ile maana yake yalikuwa yanabeba udongo, tuta linaliwa kutoka ndani. Likikatika, maji yote yamekwenda, na kina mama wanarudi kwenye mchanga. Niliogopa mno, mwanangu, sikufichi. Nikaamuru tuchimbe mdomo wa kutolea maji uende chini zaidi, na maji yakapungua lamboni usiku na mchana. Kisha tukalifukua bega lote na kuanza upya, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Safari hii ile ngoma kubwa niliibeba mimi mgongoni, nikaipeleka bega la kaskazini, nikaikalisha pale kwa mikono yangu. Tulicheza siku tatu chini ya manyunyu. Utelezi ulituangusha mmoja mmoja, na kila aliyeanguka alishangiliwa. Mama Nyamizi alisema hajawahi kupiga ngoma mbele ya watu wachafu kiasi kile. Siku ya nne jasho likakata. Masika yaliyofuata lambo likajaa, na halijavuja tena.

Ungefikiri nimejifunza. Bado, mwanangu. Kosa la mkono ni jepesi, kosa la kalamu ndilo zito.

Ulipofika wakati wa ripoti ya Bodi niliandika habari za lambo lile kurasa nyingi. Kuhusu kuvuja niliandika hivi: kwamba kulitokana na wanakijiji kutoshindilia udongo ipasavyo katika bega la kaskazini. Itazame sentensi hiyo. Haina uongo hata kidogo. Ni kweli hawakulishindilia. Nilijisifu moyoni kwa namna nilivyoipanga.

Mhandisi Hasanali aliisoma. Karanga ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ngoma aliiweka nani?"

"Ilikuwa... ni kamati ya ujenzi, mzee."

"Aa. Basi lete karatasi ya kamati inayosema hivyo." Akaifunga ripoti yangu bila sahihi, akanirudishia.

Mimi nikaenda kuitafuta! Wala sikuona haya. Nilichapisha karatasi yenyewe kwa mashine ya ofisi, nakala mbili, nikaandika kwamba kamati inakiri ndiyo iliyoweka ngoma na haikushindilia tuta vizuri, nikapanda gari mpaka kijijini. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ile ya Sikonge siku hiyo niliiona ndefu.

Nilimkuta Mama Nyamizi, aliyekuwa mmoja wa kamati, uani kwake akibangua karanga, pembeni ana daftari la elimu ya watu wazima, maana alikuwa ameanza darasa mwezi ule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kigoda. Nikazungusha maneno wee, mwisho nikamsomea karatasi.

"Kwa hiyo inasema sisi ndio tulioharibu," akasema.

"Ni utaratibu tu, mama."

"Na ukiipeleka, utapata ule muhuri wako?"

"Nitapata."

"Basi lete wino. Kusoma ndiyo kwanza nimefika herufi, lakini dole gumba ninalo. Mtoto wetu hawezi kukosa muhuri kwa ajili ya udongo."

Nikatoa kile kikopo cha wino, nikakifungua mbele yake. Ndiyo, nilikifungua. Nakuambia haya kwa sababu umri wangu umekwisha vuka mahali pa kujipamba. Alifuta dole gumba kwenye kanga, akalishika juu ya wino, kisha akawa kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Babu yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Amekwenda pwani na kurudi mara nne, pembe begani. Alikuwa akituambia, mzigo ukianguka mtoni, mkuu wa msafara hawaulizi watu wote. Anauliza, ulikuwa begani kwa nani? Na mwenyewe anajibu. Asipojibu, hapigwi, hatukanwi. Ila safari nyingine hapewi mzigo." Akanitazama bila kinyongo hata chembe. "Haya, nibonyeze wapi?"

Nilikifunga kile kikopo. Machozi yalinitoka mbele ya mama yule, mtu mzima na bugaluu langu.

"Mama," nikasema, "ulikuwa begani kwangu."

Alicheka mpaka ungo wa karanga ukamwagika. "Nilijua! Uliniambia panatosha, nami ngoma nimekwisha jitwika kichwani! Nikasema, huyu mtoto kasoma mpaka kapitiliza!" Tukaziokota karanga pamoja, chini, magoti kwenye vumbi. Karatasi zangu mbili alizifungia mboga za kunipa nimpelekee mama yangu, na sijapata kuona nyaraka za ofisi zikitumika vizuri kuliko zile. Niliondoka pale nikiwa mwepesi, naimba garini peke yangu.

Nikaandika upya. "Niliulizwa kama ngoma ihamishwe, nikakataa. Nililipima bega kwa nondo, ikazama, nami nikaandika sawa. Nilifanya hivyo kwa kuwa nilimwogopa mgeni rasmi kuliko nilivyoyaogopa maji." Nikaongeza na habari nyingine ambayo katika ripoti ya kwanza nilikuwa nimeiruka, utaisikia sasa hivi. Mhandisi Hasanali alisoma ukurasa ule mara mbili, na karanga zake hakuzigusa. Akachukua kalamu akatia sahihi, kisha akanimiminia karanga zote zilizobaki mkononi mwangu. "Sasa nenda," akasema.

Dar es Salaam wale wazee watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, ripoti yangu katikati yao. Mmoja mwenye miwani mizito aliniuliza, "Ukipewa lambo jingine huko huko, bila mashine, utafanyaje?"

"Nitahamisha ngoma kwenye kila tabaka, mzee. Na nondo nitampa mtu mwingine achome, mimi nisimame mbali."

Wakatazamana, wakaangua kicheko, nami nikabaki sijui kama nicheke au nijute. Yule wa miwani akajifuta macho. "Kijana, wanakuja hapa wenzako ambao kazi zao hazijawahi kuvuja hata tone," akasema. "Hao ndio tunaowaogopa." Wakanipitisha.

Nilirudi kwa treni, daraja la tatu, bahasha nimeikumbatia usiku kucha mpaka jirani yangu akadhani nimebeba fedha. Nilianzia Ipuli, maana nisingeanzia Ipuli mama asingenisamehe, na kesho yake nikaenda kijijini.

Mama Nyamizi alinawa mikono kabla ya kukipokea cheti. Darasa lake lilikuwa limesonga mbele. Aliweka kidole chini ya jina langu, akalisoma silabi moja moja mpaka mwisho, akapiga kigelegele. Ndipo nikampa nakala ya ripoti, nimeikunja penye ukurasa wa tatu. Akaanza polepole, midomo inacheza: wazo la kushindilia tuta kwa ngoma si langu, lilitolewa na Nya, Nyami... Akarudi mwanzo wa mstari. Akausoma tena.

"Wale wazee wa Dar es Salaam wamelisoma hili?"

"Wamelisoma, mama. Wote watatu."

Alitoka nje akawaita majirani kwa ile sauti yake, akawakalisha chini kila mmoja, wazee kwa vijana, akasimama mbele yao na karatasi mkononi, akawasomea.

Mwanangu, wewe unayejiandaa leo kwenda mbele ya Bodi, au fundi mchundo, au nesi, au yeyote ambaye kesho watu watakunywa maji, watavuka daraja au watalala chini ya paa kwa sababu wewe umesema pako salama: utakosea. Ufundi wa kutokosea hata mimi mpaka leo sijaupata. Lakini kosa lako liandike kwa jina lako, na wazo la mwenzio liandike kwa jina lake, na wala usijaribu kubadilishana naye gizani. Ukikuta pamelegea, paseme pangali kidogo, hata kama mgeni rasmi yuko njiani na ng'ombe amekwisha chinjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utajengwa na watu uliowasingizia. Wala usidhani ukikiri utapungua. Mimi nilipata muhuri kwa ukurasa ule nilioona haya kuuandika.

Mungu akupe mkono wenye ujuzi na moyo usioogopa kuulizwa. Akupe msimamizi mkali na watu wa kucheka nawe matopeni. Kila utakapoweka jina lako, pasimame imara, na watakaopita hapo baada yako wapite salama. Amina, mwanangu, nenda ukaijenge nchi.